Njia Iliyoitwa Gcinile

Asubuhi ile ya Jumamosi Gcinile Shongwe alisikia jina lake likitajwa mara tatu kabla hajamaliza kikombe cha kwanza cha chai, na mara zote tatu hakuna aliyekuwa anamwita yeye.

Waliolitaja walikuwa vijana wawili kutoka Johannesburg. Walisimama mlangoni mwa kibanda chake, wamejikunyata kwa baridi ya Juni, wakingoja viatu vyao. Mmoja alikuwa amefunga plasta vidole vinne.

"Gcinile kanitupa tena jana," alisema huyo wa plasta. "Mara sita."

"Pale pale?"

"Pale pale, kwenye tumbo la jiwe. Unajiona umeshamweza, umeshamkamata, halafu anakutema."

"Mimi Gcinile nimemwachia wenye nguvu. Natafuta wa saizi yangu."

Wakacheka. Gcinile naye alitabasamu, tabasamu la mtu anayesikia utani wa wageni, akawakabidhi viatu vyao vya kupandia vikiwa na soli mpya. Akawaonya wasivianike juani hata kidogo, gundi ingelainika.

"Asante, dada wa viatu," wakasema, wakashika njia ya jabalini, kamba mabegani, vyuma vikigongana viunoni.

Dada wa viatu. Hapo Emgwenya, kwenye kambi ya wapanda majabali, kila mtu alimwita hivyo. Kanisani walimwita Shongwe, kwa ukoo wake, kwa heshima. Baba yake, fundi viatu wa reli aliyemfundisha kazi hiyo, ndiye alikuwa wa mwisho kumwita Gcinile, na mzee alikuwa na miaka mitatu kaburini. Tangu hapo jina lake lilihamia jabalini. Lilikuwa jina la njia moja ya kupandia, mita thelathini za mwamba mwekundu unaotazama mto Elands, ugumu wa daraja la ishirini na saba, ngumu kuliko nyingi za upande ule. Watu walitoka Pretoria na Durban kuja kuijaribu. Wageni kutoka ng'ambo, wasioweza kile kidoko cha ulimi kilicho mwanzoni mwa jina, waliiita Jinile, na wengine Sinile. Walianguka kwake, wakamtukana, wakarudi mwaka unaofuata kumbembeleza. Hakuna hata mmoja aliyejua kwamba Gcinile ni mtu, na kwamba ndiye huyo anayewabandikia soli.

Yeye hakuwahi kuwaambia. Angewaambia nini? Kwamba miaka minane iliyopita mwanamume alimpenda hadi akaliita jabali zima kwa jina lake? Na wakiuliza mwanamume huyo yuko wapi sasa? Lakini jioni, akishafunga kibanda na kurudi kwenye nyumba yenye vyumba vitatu na mtu mmoja, lile neno alilolisikia mchana lilimsindikiza hadi jikoni. Alikuwa nalo akipika uji wa mahindi wa mtu mmoja, na kulala nalo. Wapo wanaobaki na picha. Yeye alibaki na hilo, na lilimtosha, au alikuwa ameshajizoesha kuamini kwamba linamtosha.

Aliinamia kiatu kingine, akawasha mashine ya hewa ya moto, akaanza kubandua soli kuukuu.

"Shongwe."

Hakuinua kichwa mara moja. Mikono ilikuwa na gundi na kiatu kilikuwa cha moto. Hiyo ndiyo sababu aliyojipa.

"Maseko," aliitika.

Sabelo Maseko alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, kama mtu aliyefika nyumba yenye msiba. Alikuwa amenenepa kidogo shingoni. Mvi zimemchomoza karibu na masikio. Gcinile alimtazama mikono kwanza, maana wapanda majabali hutazamana mikono kabla ya nyuso. Ilikuwa laini. Zile sugu alizozijua moja moja, za chini ya kila kidole, zilikuwa zimekwisha.

"Hupandi siku hizi," alisema.

"Nafundisha watoto, Cape Town, kwenye ukuta wa ndani. Mwalimu hapandi sana. Anapiga kelele tu."

"Hukuwa unajua kupiga kelele."

"Nimejifunza." Alitaka kucheka, kicheko kikagoma. "Pole na msiba wa mzee. Nilipata habari nimeshachelewa."

"Bado umechelewa."

"Najua."

Alimwonyesha kigoda. Akamimina chai kwenye kikombe cha pili, kwa sababu ndivyo alivyolelewa: hata anayekuja kukuaga utampa cha moto. Akimpa, macho yao yakakutana, na Gcinile akahisi kile kitu cha zamani kikimpanda kifuani bila ruhusa. Miaka minane alikuwa akifanya mazoezi ya kumtazama mtu huyu bila kutetemeka, lakini mazoezi hayo aliyafanya peke yake, gizani, na sasa hayakumsaidia kitu. Akageuka, akatazama nje. Chini ya mikalitusi palisimama gari jeupe, na kwenye kiti cha mbele palikuwa na mwanamke.

"Uliyemwacha garini hanywi chai?"

Sabelo aliizungusha kofia. "Anaitwa Refilwe. Ni mchumba wangu, Gcinile. Tunaoana Desemba."

Hatimaye mtu alikuwa amemwita kwa jina lake, uso kwa uso, kwa ulimi unaolijua. Na lilikuja limebeba habari hiyo.

"Hongera," alisema. "Mama yako amefurahi?"

"Amefurahi. Mama unamjua."

"Namjua."

Alimjua mama huyo, LaNkosi, vizuri. Mpaka leo walikutana kanisani kila Jumapili, naye alimwita "mwanangu" kwa midomo huku macho yakitazama pembeni. Siku Sabelo alipompeleka nyumbani kumtambulisha, LaNkosi alimkaribisha kwa kuku, akamwacha ale ashibe, ndipo akafungua kinywa.

"Nasikia wewe ndiye yule anayening'inia kwenye majabali na wanaume."

"Nashika kamba, mama. Na kupanda napanda."

"Ukiwa na mimba utaning'inia nayo?"

"Mama," Sabelo alisema.

"Namwuliza yeye. Mke wa mtu hukaa chini ya paa, hakai juu ya paa. Mimi wazee wangu siwatumi kwenda kuposa nyani. Aache hayo mambo, nitawatuma kesho."

Sabelo alitazama sahani yake. Gcinile alingoja aseme neno, lolote lile. Alipoona halisemi, alisema yeye: ataacha. Wiki hiyo hiyo aliiweka kamba yake darini. Wapanda majabali wenzake walimwuliza, akawaambia bega linauma. Sabelo akapata kazi Cape Town. "Miezi sita tu, Shongwe, nijipange, wazee waje kwenu." Miezi sita ikazaa mingine sita. Simu zikapungua, zikabaki salamu za sikukuu, na mwisho sikukuu nazo zikapita kimya. Wazee hawakuja, na kamba haikushuka darini. Aliyapoteza yote mawili, upandaji na ndoa, kwa ajili ya mtu asiyerudi hata kumwambia kwamba harudi.

"Hukuja mpaka huku kuniletea habari za harusi," Gcinile alisema. "Ungeandika."

"Sikuja kwa hilo." Sabelo aliweka kikombe chini, chai haijaguswa. "Mzee Riaan wa kambi anachapisha upya kitabu chake cha njia. Mwenye njia yake anaweza kubadilisha jina kabla ya Jumatatu. Nataka kulibadilisha, Gcinile. Jina la ile njia."

Mashine ya hewa ya moto ilikuwa bado inavuma. Gcinile akaizima.

"Ulibadilishe liwe lipi?"

"Lolote. Jina la ndege, jina la mto. Refilwe hapendi. Kila tunapokwenda, watu wanasema, Sabelo wa Gcinile. Wanamwuliza Gcinile ni nani. Mwanzoni nilimwambia ni neno tu la kwetu, maana yake kutunza. Halafu mtu akamweleza."

"Na ukaona uje uniombe ruhusa."

"Niliona ni uungwana."

"Uungwana." Alilirudia neno hilo taratibu. Alijifuta gundi vidoleni kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo kuliko alivyotaka. "Sabelo, hiyo njia jina lake anatoa nani?"

"Unajua anatoa nani."

"Sema."

"Aliyeipanda wa kwanza bila kuanguka."

"Basi si lako kulibadilisha."

Sabelo alitazama mlangoni haraka, kule kwenye gari, kisha akashusha sauti. "Tulikubaliana."

"Hatukukubaliana. Mimi nilisema, wewe ukanyamaza."

Ilikuwa Jumanne ya Agosti, siku ambayo hapakuwa na mtu mwingine jabalini ila nyani. Sabelo ndiye aliyeigundua njia ile, ndiye aliyetoboa mwamba na kupigilia vyuma vyake, kazi ya majira yote ya baridi. Gcinile alimshikia kamba kila siku akimdaka alipoanguka, akasugua kila kishikio kwa brashi, akayahesabu maanguko yake mpaka akaacha kuhesabu. Jumanne hiyo ngozi ya vidole vya Sabelo ilikuwa imechanika ikitoa damu. "Panda wewe kidogo," alimwambia, "mimi nipumzike." Gcinile akajifunga kamba, akapaka chaki, akapanda. Alipofika kwenye tumbo la jiwe, pale mwamba unapobenuka nje, hakufikiri kitu. Aliinua mguu wa kushoto juu kuliko alivyokuwa akifanya Sabelo, akageuza nyonga, akafika. Hakuanguka mahali popote. Kule juu, upepo ukimpiga usoni, alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuipata tena.

Halafu akashushwa, akauona uso wa mtu wake. Sabelo alikuwa anatazama viatu vyake mwenyewe.

"Hatutamwambia mtu," Gcinile alisema pale pale. "Njia ni yako. Wewe ndiye uliyeijenga."

Sabelo hakusema ndiyo wala hapana. Siku tisa baadaye naye aliipanda. Jioni ile wapanda majabali wote wa kambi walimmwagia bia kichwani, wakampigia masufuria, wakamwuliza jina la njia. Akamtazama Gcinile ng'ambo ya moto, akasema: "Gcinile." Wakashangilia. Yeye alilia. Aliamini hakuna mwanamke aliyewahi kupendwa hivyo.

Sasa Sabelo alikuwa amekaa kwenye kigoda cha baba yake Gcinile, mikono laini ikiing'ang'ania kofia.

"Ukisema leo," alisema, "nitabaki na nini? Kazi yangu ni ile njia. Watoto ninaowafundisha wana picha yake ukutani. Nakuomba, Shongwe. Hukuwahi kuwa na roho mbaya."

"Sijasema nitasema."

"Sasa unataka nini?"

Alitaka kumjibu, lakini mlango wa gari ulisikika ukifungwa, na nyayo zikaja juu ya majani makavu. Refilwe alikuwa mwanamke mrefu mwenye sura ya utulivu, amejifunga blanketi la Kisotho mabegani. Alisimama nje ya mlango.

"Dada, samahani, hodi. Baridi imenishinda kule."

"Karibu ndani. Pana chai."

"Wewe ndiye Gcinile?"

"Ndiye mimi."

Walitazamana, kila mmoja akipima alichokuwa amekiwaza kwa muda mrefu. Refilwe ndiye aliyeanza kulegeza macho.

"Nilidhani utakuwa mrembo wa kutisha," alisema. "Wewe ni mrembo wa kawaida. Afadhali."

Gcinile alijikuta anacheka, kicheko kifupi kilichomtoka bila kujua.

"Amekwambia mimi ndiye ninayetaka jina libadilishwe?"

Refilwe akatikisa kichwa.

"Nilijua. Dada, mimi nilimwambia aliache. Jina la mtu si shati, ulivue kwa sababu umepata jingine. Kinachoniumiza si jina, ni yeye. Mtu akilitaja hilo jina tu, anakula kimya, anatembea kimya, siku nzima imekufa. Nilisema twende nikamwone huyo mtu, nijue. Kama moyo wake aliuacha huku, niambiwe leo, kabla mahari ya kwetu haijaliwa ikaisha."

Kwa dakika moja, na baadaye alijionea aibu kwa dakika hiyo, Gcinile aliona kila kitu kikiwezekana: kwamba alipendwa wakati wote huo, kwamba hakungoja bure. Alimgeukia Sabelo, akilitafuta pendo hilo usoni kwake.

Sabelo alikuwa anatazama viatu vyake.

Aliutambua uso ule. Ulikuwa uso wa Jumanne ile, chini ya jabali. Mtu anayemkumbuka mpenzi wake hawi na uso kama ule. Ule ulikuwa uso wa aibu, na aibu ilikuwa imemwandama miaka yote minane, ikiamka ndani yake kila mara mtu alipotamka jina.

"Mwambie," Gcinile alisema.

"Gcinile..."

"Mwambie wewe mwenyewe. Huyu anadhani unanyamaza kwa kunikumbuka mimi. Usimwoe mtu kwa uongo, atauishi mpaka azeeke. Mimi najua unavyouma."

Nje mtu alipita akiburuta kamba, akiimba. Ndipo Sabelo akaanza kusema, maneno yakitoka moja moja, bila kumtazama yeyote. Alisimulia habari za Jumanne, ngozi iliyochanika, mguu wa kushoto ulioinuka juu. Alisema: hakuanguka. Alisema: mimi ndiye niliyeshika kamba.

Refilwe alisikiliza mpaka mwisho, amejikaza blanketi. "Kwa hiyo hilo jina," alisema pole pole, "halikuwa la mapenzi?"

Gcinile akasema, "Hata mimi nataka kulijua hilo. Ulinipa jina kwa kunipenda, au kwa kunilipa ninyamaze?"

"Nilikupenda," Sabelo alisema. "Mungu anajua."

"Sikuuliza hilo."

Sabelo alijipangusa uso kwa viganja vyote viwili. "Sijui, Gcinile. Usiku ule sikuweza kuyatenganisha. Nilijua nimekula chako. Nikaona nikikupa jina, nitaweza kukutazama. Sikuweza hata hivyo. Mama alisema yale ya paa, na mimi nikanyamaza, kwa sababu ukiacha kupanda, hakuna ambaye angekuja kukuona ukipanda akajua ni nani aliyenitangulia."

Hilo Gcinile hakulitarajia. Lilimwingia taratibu, kama maji ya baridi yanavyoingia kwenye kiatu, mpaka likafika chini kabisa. Aliketi. Kumbe hata kile kimya cha mezani kwa LaNkosi hakikuwa woga wa mtoto kwa mama yake. Miaka minane alikuwa akikaa na jina lile jioni akidhani anakaa na pendo, kumbe anakaa peke yake kabisa. Hata lile alilokuwa amebakiwa nalo halikuwepo.

Hakulia. Refilwe ndiye aliyelia, kimya kimya, machozi yakidondokea blanketi.

"Nenda ukamwambie mzee Riaan," Refilwe alimwambia Sabelo. "Sasa hivi. Halafu ndiyo tutajua mimi na wewe tunazungumza nini njiani."

Mzee Riaan, mwenye kambi, alikuwa barazani kwake na kompyuta, rula na kahawa. Alikuwa ameandika vitabu vya njia za bonde lile kwa miaka thelathini, na katika kazi hiyo hakuwa na rafiki. Alimsikiliza Sabelo bila kuinua nyusi.

"Tarehe?"

"Kumi na nne Agosti."

"Shahidi?"

"Mshika kamba ndiye shahidi, mzee. Hiyo ni desturi. Na mshika kamba ni mimi."

"Miaka minane shahidi alikuwa wapi?"

Mzee Riaan akageukia kompyuta yake. Alifuta jina la Sabelo. Vidole vyake vilikuwa vizito, akiandika herufi moja baada ya nyingine: G. Shongwe.

"Njia ni yako," alimwambia Gcinile. "Jina nalo ni lako kulitoa. Unafahamu mila yetu, mtu haipi njia jina lake mwenyewe. Watu watakucheka. Taja lingine."

Gcinile alitazama ng'ambo ya mto, ambako jabali lilikuwa limeanza kupata jua. Kutokea pale mtu angeweza kuwaona wapandaji, wadogo kama siafu, wenye kofia za rangi. Alifikiria jina la baba yake. Alifikiria majina ya ndege. Lakini kila jina lililokuja lilimaanisha kwamba kuanzia Jumatatu hakuna mdomo hata mmoja utakaomtaja tena, hata kwa makosa, hata kwa kumtukana.

"Liache hilo hilo," alisema.

"Watasema umejiita mwenyewe."

"Waseme. Nimekuwa nikingoja kuitwa na mwingine, mzee. Inachosha."

Mzee Riaan akakohoa, akaliacha.

Walipoagana pale kwenye mikalitusi, Refilwe alimkumbatia kwa nguvu, akamnong'oneza, "Asante kwa kutonificha." Sabelo alisimama mbele yake, akanyoosha mkono, akaurudisha. Walikuwa wamewahi kukabidhiana maisha yao mara elfu moja kwa kamba ya unene wa kidole, na sasa hawakujua namna ya kupeana mikono.

"Umenichukia?" alimwuliza.

"Hapana."

"Ingekuwa afadhali."

"Ndiyo. Kwangu pia."

Gari liliondoka. Ndani yake watu wawili walikaa wima, kila mmoja akitazama mbele. Kama harusi ingekuwepo Desemba au isingekuwepo, Gcinile hakujua, na alishangaa kuona kwamba hakutaka kujua. Alirudi kibandani, akakuta chai ya Sabelo imeganda utando juu. Akaimwaga nje.

Jumapili hakwenda kanisani. Alipanda darini, akakohoa vumbi, akaishusha kamba. Aliivuta yote mikononi, pima kwa pima, akitafuta penye kuoza, akaona haifai tena kumbeba mtu. Akaiacha sakafuni. Alichukua viatu tu na mkanda wake wa kiunoni, ambao nao ulimbana, akashuka mtoni, akavuka, akapanda njia ya jabalini.

Chini ya jabali palikuwa na watu kumi na kitu, wawili wawili. Ndivyo ilivyo, hakuna apandaye peke yake, kila mtu ana wake wa kamba. Alitembea katikati yao na viatu mkononi. Hakuna mwaka aliojihisi mpweke kama dakika zile chache. Mwishowe alimwona mwanamke mmoja wa Kihindi, wa makamo, ameketi juu ya begi akimenya chungwa wakati mwenzake amelala.

"Samahani dada," Gcinile alisema. "Mwenzangu sina. Unaweza kunishikia kamba?"

"Kwa nini nisiweze." Mwanamke alijifuta mikono kwenye suruali. "Ya kwetu iko pale. Unataka ipi?"

Gcinile aliionyesha kwa kidevu.

"Hiyo? Umeshawahi?"

"Mara moja. Zamani."

Mwanamke alilikagua fundo la Gcinile, akalivuta mara mbili kama desturi inavyotaka, akaipitisha kamba kwenye kifaa chake cha kuikaza. "Nimekushika," alisema.

Alipanda. Kwenye vyuma viwili vya kwanza mwili ulikumbuka. Kwenye cha tatu mikono ilianza kuuma. Kwenye cha nne, mbali chini ya lile tumbo la jiwe, vidole vilifunguka vyenyewe, na jabali likamwacha. Alianguka. Kwa muda wa pumzi moja hakuwa wa mtu wala wa mahali, kisha kamba ikakaza, ikamdaka kiunoni, ikampokea.

Alibaki akining'inia, akizunguka polepole, mgongo kwa mwamba. Chini aliona mto, na paa za mji wa reli, na moshi wa watu wanaopika chakula cha Jumapili. Machozi yalikuja sasa, yote ya jana na ya miaka ile, na upepo ukawa unayapeperusha kabla hayajafika kidevuni. Huko chini mtu asiyemjua aliegemea nyuma kwa uzito wake wote kumzuia asianguke zaidi.

"Uko sawa huko?" mwanamke aliita. "Nikushushe?"

Gcinile alishika kamba kwa mikono miwili, akaisikia ilivyokaza.

"Bado," alisema. "Nishike kidogo."